Ua la Katikati

Juzi binti yangu alinionyesha video kwenye simu yake. Mwanamke wa nchi za mbali, uso hauonekani, mikono tu, alikuwa anashona ua la kitambaa juu ya mraba mweupe: duara kubwa chini, dogo juu yake, dogo zaidi juu ya hilo, halafu kiini. Binti yangu akasema, "Mama, cheki vile inatoka poa. Si tujaribu?" Nikachukua sindano na vipande, nikaanza. Vidole vyangu vilikunja pindo la kwanza kabla yule mwanamke hajafika hapo. Binti akaacha simu akabaki kunitazama mimi.

Akaniuliza nani alinifundisha. Nikasema Mama Mkubwa. Akauliza mbona sijawahi kumshonea yeye hata moja. Nikasema sijui, na ndio ukweli. Nililishona lile ua hadi mwisho huku nikingoja nihisi kitu, uchungu, hasira, chochote. Wapi! Nilihisi mgongo tu, kwa kuinama. Mimi ndivyo nilivyo, na wanaonijua wameshazoea. Basi naandika hapa kwa ajili yenu wa rika langu, mliokulia huku mpakani, enzi zile tulipokuwa tunahamishwa kwa ndugu huyu na yule kama vyombo vya harusi na hakuna anayekueleza jambo. Ninyi mtanielewa hata nisipojiliza.

Mama alipougua, baba alimpeleka hospitali ya Tororo, akabaki naye huko kumuuguza. Kwetu, Nabuyoga, upande wa Uganda, hapakuwa na mtu wa kukaa nami. Nikaletwa Busia, upande wa Kenya, kwa dada yake mama. Ugonjwa wenyewe haukutajwa jina mbele yangu. Watu wazima walikuwa wakifika hapo kwenye jina wanatazamana, kisha wanaendelea na sentensi nyingine. Nilidhani ni ugonjwa wa kawaida wenye jina refu.

Mama Mkubwa alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa kwenye veranda ya duka la mbegu, karibu na barabara ya malori, na siku nzima tulikuwa tunavuta vumbi, mafuta ya cherehani na harufu ya pasi ya makaa ikigusa pamba mbichi. Upande wa pili wa nguzo Mama Ajambo alikaanga mandazi, kwa hiyo nguo za shule za watoto wa Busia nzima zilitoka pale zikinukia iliki. Mafundi wa mtaa walimwekea Mama Mkubwa masalio yao kwenye magunia: vitenge, poplini, satini za mabibi harusi, vipande vidogo ambavyo mtu mwingine angewashia jiko. Yeye alivitumia kutengeneza mablanketi. Maua ya tabaka tatu, kila ua kwenye mraba wake wa amerikani, pamba nyeupe, miraba ikaunganishwa, ikatiwa kitambaa kizito nyuma. Watu walikuja kuyachukua kutoka Busitema, hata kutoka Tororo mjini.

Alikuwa na sharti moja. Ua la katikati hakulishona yeye. Lilishonwa na mtu wa damu ya yule atakayejifunika. Alisema shuka hata adui anaweza kukushonea, lakini blanketi unalivuta hadi kidevuni ukiwa usingizini, na usingizini mtu hana macho, basi hapo kifuani pawe na mkono wa mtu wako. Wateja walikuwa wanacheka lakini wanatii. Bibi harusi mmoja hakuwa na ndugu karibu ila kaka yake, mchimba dhahabu wa Tiira. Yule kaka akaja na vidole vilivyopasuka kwa udongo, akakaa kwenye stuli yangu mchana kutwa akitukana sindano, na ua lake likatoka kama kabichi iliyokanyagwa. Mama Mkubwa akalishonea katikati ya blanketi vilevile lilivyo, akamshukuru. Kumbukeni hilo. Mimi nililikumbuka sana baadaye.

Nilipofika kwake sikulia. Nilikataa kula tu. Si kwa kususa, mdomo haukutaka. Alijaribu samaki, akajaribu chai ya maziwa, akajaribu mandazi ya Mama Ajambo yakiwa ya moto. Siku moja akaacha kubembeleza. Akamimina gunia la masalio mbele yangu, akaniambia mama yangu anasikia baridi hospitalini na sisi tutamshonea blanketi. Maua ya pembeni ni yake. La katikati ni langu.

"Ukilimaliza likakaa vizuri," akasema, "mama yako atakuja."

Nikala. Nilikula hadi nikalamba sahani. Mtu akikupa kazi inayoweza kumleta mama yako nyumbani, unataka nguvu.

Nilichagua vipande kwa siku nzima. Chini nikaweka kitenge cha bluu chenye ndege, juu yake poplini ya waridi, juu yake tena njano ya satini iliyonitesa kwa kuteleza. Petali yeye aliziita ndimi. Unakata duara, unalikunja, unachonga ndimi kwa mkasi, unalilaza juu ya amerikani na kulipiga bandi ili lisitembee. Halafu unaanza kazi yenyewe, ya kuingiza ukingo wa kila ulimi ndani kwa ncha ya sindano, kidogokidogo, na kuushona chini bila uzi kuonekana. Ulimi ukiisha, mwingine. Tabaka ikiisha, nyingine. Kiini kinakuja mwisho kabisa, kiduara kilichojazwa pamba, na ukishakishona umelifunga ua. Ukitaka kurekebisha kitu chini yake, lazima kiini kitoke kwanza.

La kwanza nililifunga kwa fahari kubwa. Mama Mkubwa akaligeuza, akatazama upande wa nyuma, akaniuliza kama hili ni ua au ni kiraka cha tairi. Alicheka hadi akajifuta macho na leso, Mama Ajambo naye akacheka, na mimi nikacheka. Akanipa wembe. Nikafumua. Na kweli lilikuwa baya. La pili lilikuwa na ndimi mbili zilizopandana, nikafumua. Sikuona tabu. Alikuwa ananionyesha kosa, ananishika mkono, tunaanza tena, na kila tulipoanza nilikuwa najua kitu ambacho sikukijua jana. Nilishona nikimwona mama anashuka pale kona ya duka la mbegu na begi lake.

Habari za mama zilikuja na Wandera. Alikuwa mtu wa makamo, wa upande wa Uganda, anayevusha watu mpaka kwa baiskeli, na shemeji yake alifanya kazi ya usafi pale hospitalini. Kila siku ya soko alisimama kwenye veranda, mguu mmoja bado juu ya pedali, akasema neno lilelile kwa Kiswahili chao cha kule: "Mama, mugonjwa iko vilevile. Nakula uji kidogo, nalala." Mama Mkubwa anampa mandazi, anaenda zake.

Halafu siku moja hakusema vile. Alishuka, akaiegemeza baiskeli, wakasogea hadi nyuma ya magunia ya mbegu wakaongea kwa Kisamia cha haraka. Niliwaona tu. Mama Mkubwa aliporudi alikaa kwenye cherehani, akaweka kitambaa chini ya sindano, asikanyage. Jioni ile nilimpelekea ua langu. Nilijua lilikuwa zuri. Ndimi zote zimelala, satini imekubali, uzi hauonekani. Akaligeuza, akaligeuza tena.

Akasema limepinda. Nikamuuliza wapi. Akasema kote. Akanipa wembe.

Tangu siku ile hakucheka tena na ua langu. Nalifunga, anasema fumua. Ulimi wa kushoto umevimba, fumua. Kiini kiko chini, fumua. Siku nyingine uzi ni mnene, siku nyingine uzi ni mwembamba. Maua yake yote yalikuwa tayari, yameunganishwa, na blanketi lilikaa limekunjwa juu ya rafu na nafasi katikati ikingoja mraba wangu. Nikimwonyesha ile nafasi ananiambia haraka haraka haina baraka. Na kitambaa nacho kina mwisho wake. Ukikifumua mara nyingi kinatoboka na kukatika nyuzi ukingoni, inabidi ukipunguze kwa mkasi ndipo ukikunje upya. Ndege wa kile kitenge cha bluu walikatwa mabawa, halafu vichwa. Ua lilikuwa linapungua. Nilianza kuogopa kwamba litaisha kabla halijakubaliwa.

Siku moja Mama Ajambo alishindwa kuvumilia. Alikuja na mikono ya unga, akalichukua ua langu, akaligeuza mbele na nyuma, akamuuliza Mama Mkubwa mbona anamtesa mtoto wa mwenzake, hili lina kasoro gani. Mama Mkubwa akamwambia arudi akaangalie mafuta yake yanaungua. Hayakuwa yanaungua. Hawakusemezana siku kadhaa, nao walikuwa watu wa kuongea tangu asubuhi hadi kufunga.

Hapo ndipo akili yangu ya kitoto ikafanya hesabu yake. Ua la yule kaka wa Tiira, kabichi ile, lilipokewa na shukrani. Langu zuri linakataliwa. Kwa hiyo tatizo si ua. Mama Mkubwa hataki mama aje. Kwa nini? Nikatafuta sababu, na mtoto akitafuta sababu haikosi. Mama ndiye aliyekuwa mrembo kati yao. Mama ndiye aliyeolewa, na Mama Mkubwa alikuwa ameachika na hakujaliwa mtoto. Nikaona kila kitu. Anataka kubaki nami. Anamweka mama hospitalini kwa wembe.

Nilimchukia. Nalisema wazi kwa sababu nilikuwa najua ndiyo chuki, niliisikia kifuani kama kiungulia, na ndicho kitu cha mwisho ninachokumbuka kukisikia vizuri wakati ule. Nilikula chakula chake, nikalala kitandani kwake, nikamsaidia kuwasha pasi, na sikumwita jina. Siku moja nikamrushia alichonifundisha mwenyewe.

"Ahadi ni deni."

Hakunyanyua kichwa. "Deni ni langu, si lako," akasema. "Fumua."

Chuki nayo ikachoka. Mtu hawezi kuchukia kila siku na kazi ipo. Ikabaki mikono. Nilikuwa nafunga ua, napeleka, napokea wembe hata kabla hajasema, narudi kwenye stuli. Sikuwaza tena kona ya duka la mbegu. Vidole vilikufa ganzi kwa sindano na mimi nikavifuata.

Asubuhi ya siku ile ya mwisho nilishona vibaya. Nilikuwa na haraka, si ya kumaliza, ya kufumua tu ili siku iende. Ulimi mmoja wa tabaka ya pili, pembeni, ulijikunja chini ukabaki umebenuka, na niliuona, nikaufungia hivyohivyo. Si nitaufumua?

Wandera akaja na si siku ya soko. Alivua kofia akiwa bado barabarani. Hakumnong'oneza Mama Mkubwa safari hii, alisimama tu mbele yake akiikamata ile kofia kwa mikono miwili, na Mama Mkubwa akamtazama, akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa, akaendelea kupiga pindo la sare ya mtoto wa mtu. Alimaliza pindo lote. Akakata uzi kwa meno. Mama Ajambo alishaepua karai na kusimama pale nyuma ya nguzo.

"Lete ua," Mama Mkubwa akaniambia.

Nikampa, na mkono mwingine nikaunyosha kupokea wembe. Hakuligeuza. Hakulitazama hata upande wa mbele. Alilishika tu kifuani.

"Limekaa vizuri," akasema. "Umemaliza."

Ninyi, nilipiga kelele! Nilirukaruka kwenye veranda ile mpaka vifungo vikamwagika. Nikamuuliza kama mama anakuja leo. Akasema kesho. Akavuta blanketi kwenye rafu na kuuunga mraba wangu katikati kwa cherehani, na yeye ambaye mshono wake ungeweza kuuwekea rula, ule mshono ulikwenda ukipinda kushoto na kulia. Niliuona. Nilifikiri ni furaha.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshamzaa huyu binti wa simu, nilimtembelea. Alikuwa mzee, macho yamekataa sindano. Tulikuwa tunabambua karanga, na bila kuulizwa akaanza.

"Wandera aliniambia madaktari wamenyoosha mikono. Sasa mimi nilishakuambia ukimaliza, mama yako atakuja. Na nilijua atakuja vipi. Ningefanyaje? Nikasema basi, mtoto asimalize."

Nikamwambia sawa. Akaniuliza kama nimesikia alichosema. Nikasema nimesikia, Mama Mkubwa, asante. Tukaendelea na karanga. Nilitaka kumpa zaidi ya hapo, alistahili. Sikuwa nayo.

Kesho yake, baada ya lile ua langu kukubaliwa, tulipanda pikapu ya kukodi pamoja na kina mama wa kanisa tukavuka mpaka kwenda Nabuyoga. Niliuliza kwa nini tunaenda huko na mama anakuja Busia. Mama Mkubwa akasema anakuja kwake, kwa mumewe, ndiko mwanamke anakokuja. Nikaona ni sawa. Nilikuwa nimelipakata blanketi, limefungwa kwa leso, na sikuruhusu mtu alishike. Kina mama waliimba njia nzima. Mimi nilidhani wanaimba kwa sababu ya safari.

Nyumbani palikuwa na watu kuliko siku ya Krismasi. Turubai limefungwa kwenye migomba. Baba alikuwa kwenye kiti, amenyolewa, na aliponiona aliinua mkono akaushusha. Gari lilipoingia uani, wanawake wakaanza kupiga yowe, na sanduku likashushwa, na shangazi yangu akanishika mabega akanisogeza karibu nione. Kifuniko kilikuwa wazi juu. Ni mama. Alikuwa amekonda na amevaa gauni nisilolijua, na puani amewekwa pamba.

Kwa hiyo amekuja. Mama Mkubwa hakusema uongo. Nilisimama pale nikingoja nilie kama wengine, nikakunja uso kujaribu, na hakikutoka kitu. Nyuma yangu mtu alisema mtoto huyu ana moyo mgumu. Nilimsikia na nikakubaliana naye. Nilikuwa nawaza jambo moja tu. Amekuja vibaya. Na kama amekuja vibaya, ni kwa sababu kuna kitu hakikukaa, na mimi nilijua hicho kitu kiko wapi.

Mama Mkubwa alikuwa amekaa mkekani na wanawake, miguu ameinyoosha. Nilichuchumaa mbele yake.

"Ule ulimi wa pembeni haukukaa," nikamwambia. "Ulisema ua limekaa, lakini ulimi ulibenuka. Hukuangalia."

Wanawake walikuwa wanalia kila upande wetu.

"Nipe wembe," nikasema.

Shangazi aliyekuwa karibu akaguta na kuuliza mtoto anataka wembe wa nini msibani. Mama Mkubwa alifungua fundo la leso yake, na wembe ulikuwamo pamoja na sindano na uzi, maana fundi haachi vitu vyake hata siku hiyo. Akanipa.

Nilikwenda na blanketi nyuma ya jiko nikakaa juu ya kinu kilicholazwa. Nilitoa kiini kwanza, kisha njano, kisha waridi, ulimi kwa ulimi, kisha bluu ile iliyokuwa haina ndege tena. Nilifumua polepole na vizuri kuliko siku zote, nisikate amerikani. Walikuwa wanaimba, mtu anahubiri, sikusikiliza. Vipande nilivipanga pajani kwa mpangilio wa tabaka zake ili nianzie hapo. Nilikuwa ndio kwanza natafuta uzi waliponiita, na Mama Mkubwa mwenyewe akaja akaninyanyua na blanketi langu, akanishika mkono hadi kaburini.

Sanduku lilikuwa limeshafungwa, kamba ziko tayari. Mama Mkubwa akalichukua blanketi, akalitandaza juu ya sanduku, akavuta pembe zikae sawa kama anavyofanya kwa mteja. Maua yake yote yakaenea pembeni, mekundu, ya kijani, ya zambarau. Katikati kulikuwa na mraba mweupe wenye matundu ya sindano.

Baba akasogea. Na Mama Mkubwa alikuwa anaongea kwa Kiswahili siku zote, kwa heshima. "Shemeji," akasema, "mbona hapa katikati pako tupu?"

Mama Mkubwa alinitazama, mimi na vile vipande mkononi, kisha akawageukia wale vijana wa kamba.

"Mtoto hajamaliza," akasema. "Shusheni hivyohivyo."